Jina Nililolibadilisha kwa Ajili ya Kina

Mwezi uliopita, mliponikatia keki pale ofisini na kunipa saa ya ukutani, mliniomba pia niwaandikie kurasa mbili za makabidhiano: faili gani liko wapi, mwandishi gani hupokea simu na yupi hapokei. Hizo mmeshazipata. Hizi nyingine sikuombwa na mtu. Nimeziandika kwa sababu miaka thelathini ya kusoma kazi za wengine humwachia mtu hamu ya kuandika yake, na kwa sababu kuna kosa moja nililolifanya ambalo afadhali mlisikie kutoka kwangu. Fundi wa mitambo hulisimulia vibaya, tena hunifanya mnene kuliko nilivyokuwa.

Nilifika Kampala kutoka Bungoma nikiwa na cheti cha ualimu na shangazi mmoja. Shangazi aliuza mashuka na alijua kila mtu, akasikia kwamba kuna wachapishaji karibu na Bugolobi, kule kwenye viwanda, wanaotafuta mtu anayesoma Kiswahili. Mkurugenzi wakati huo alikuwa Bwana Kizza, mtu wa suti hata kukiwa na joto. Usaili wangu ulichukua dakika tano. Alinipa barua iliyokaa mezani kwake miezi minne, akaniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia mwandishi anauliza kwa nini barua yake ya kwanza haijajibiwa. Akasema basi nianze na hiyo.

Hakuwa na ubaya na Kiswahili, ila kama watu wengi wa rika lake mjini hapa alikijua kama lugha ya askari, ya kuambiwa ulale chini. Alifungua idara yangu kwa sababu shule zilianza kuuliza vitabu. Idara ilikuwa mimi, meza, kabati lenye mlango mmoja, na rula. Nilipewa pia mashine ya kupiga chapa ambayo herufi yake ya k ilikuwa imevunjika mguu. Jaribuni kuandika Kiswahili bila k, mtanielewa.

Vifaa vyangu halisi vilikuwa penseli na vidole. Chuoni nilifundishwa ushairi na mwalimu mkali aliyeamini kwamba shairi lisilo na vina na mizani ni gazeti lililokatwa vibaya. Kwa hiyo nilihesabu. Shairi likifika, kabla sijajua linasema nini, nilikuwa nimeshaligonga mezani kwa vidole: nane, kituo kidogo, nane. Wenzangu wa idara ya Kiingereza walidhani nina wasiwasi na kazi. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo langu.

Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba kila mswada usomwe na watu wawili. Upande wangu mtu wa pili hakuwepo, mpaka alipojileta mwenyewe. Siku moja aliingia mzee mrefu mwenye kofia nyeupe, ameshika kitabu chetu cha darasa la nne, amekasirika. Jina lake Swaleh, sajini mstaafu wa polisi, mkazi wa Kisenyi. Alikuwa akimsomea mjukuu wake hadithi yetu moja ambamo askari anamkamata mwizi na kuondoka naye. Malalamiko yake yalikuwa kwamba askari yule hakuandika popote. Hakuuliza jina, hakutaja saa, hakuwa na shahidi. Bwana Kizza akanikonyeza nimtoe kwa heshima. Badala yake nikampa mswada wa kusoma.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa baada ya swala nilimpelekea kazi kwake, nyuma ya magereji, ambako aliketi kibarazani huku watu wakigonga mabodi ya magari kila upande. Alisoma kama anasoma maelezo ya mtuhumiwa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika: Saa ngapi? Nani aliona? Hata mashairi ya mapenzi hayakupona. Kijana mmoja wa Jinja aliandika kwamba mpenzi wake anang'aa kuliko nyota zote, na Afande Swaleh akaandika pembeni: Anakaa wapi? Nilicheka sana, lakini nilipomrudishia kijana mswada, alimpa yule msichana mtaa, mlango na rangi ya pazia, na shairi likawa zuri. Mengi niliyoyajua kuhusu uhariri yalitoka pale kibarazani, ingawa mwenye kibaraza alijiita mlinzi wa daftari tu.

Sasa nije kwa Mwalimu Ocen. Kazi yake ya kwanza ilitufikia ikiwa kwenye daftari la shule lililofungwa kwa uzi wa gunia. Baltazari Ocen alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kaskazini, upande wa Lango. Baba yake alikuwa polisi, kwa hiyo alikulia hapa Kampala katika nyumba za polisi, ambako watoto wa makabila yote hugombana kwa Kiswahili. Baadaye akarudi kwao kufundisha. Vita ilipofika, shule ikafungwa, watu wakakimbilia kambini, naye pamoja na wanaume wengine wa pale wakajitolea kuilinda kambi hiyo. Walikuwa wakulima, mafundi baiskeli, mkatekista mmoja. Walifunzwa wiki chache, wakapewa bunduki na mabuti ya mpira. Hawakupewa namba za jeshi, wala hapakuwa na orodha yao mahali popote. Chini ya kila barua alitia saini: B. Ocen, mlinzi wa kujitolea, hana namba.

Nilimwuliza kwa nini haandiki kwa lugha yake ya nyumbani. Alijibu kwamba wanaume waliofunzwa ulinzi pamoja naye walipewa amri zote kwa Kiswahili, wengi wao hawakijui, na yeye ndiye aliyewatafsiria. "Vita tumefundishwa kwa Kiswahili," aliandika, "kwa hiyo nimeona niilalamikie kwa lugha hiyohiyo."

Mashairi yake hayakuwa na kina hata kimoja. Nilimrudishia daftari pamoja na barua yetu ya kukataa, ile ninayowaomba mwiandike upya kwa kila mtu na msinakili kama nilivyokuwa nikinakili mimi. Mtu mwingine angekufa moyo au angenitukana. Ocen alinishukuru, akaambatisha barua za wachapishaji wengine wawili waliomkataa kabla yangu, ili nione kwamba mimi ndiye niliyekuwa na adabu zaidi. Wa kwanza alimwambia Uganda hakuna mnunuzi wa mashairi ya Kiswahili. Wa pili alimwambia wao huchapisha vitabu vya kiada tu, na kama yeye ni mwalimu, je, anaweza kuandika hesabu. Ocen aliniambia alilifikiria hilo kwa siku mbili.

Basi tukaanza. Kwa muda wa miaka miwili nilimfundisha mtu vina na mizani kwa posta. Nilimpelekea ubeti mmoja uliochorwa mistari kuonyesha vituo, naye akanirudishia wake. Barua zake zilikuwa kama ripoti za lindo, fupi na bila mapambo: Leo mvua. Hakuna tukio. Watu kumi na wanane, mmoja ana homa. Beti mbili. Nilizisahihisha kwa penseli na kuzirudisha. Siku zilipopita nikajikuta nafungua barua ya Ocen kabla ya chai, kabla ya barua za Wizara, kabla ya kitu chochote. Ilipokawia wiki tatu au nne nilijiambia ni posta. Nilikuwa naogopa, na sikumwambia mtu isipokuwa Afande Swaleh, ambaye alisema posta ni kitu kizuri cha kulaumu.

Baada ya ukimya mmoja mrefu ikaja barua yenye maneno matatu tu: Tukio. Ubeti mmoja. Ubeti wenyewe ulihusu daraja la magogo nje ya kambi na mtu aliyekuwa zamu pale. Miezi iliyofuata beti nyingine zikaongezeka mpaka zikawa saba, kila moja na mtu wake. Hilo ndilo likawa shairi kubwa la kitabu. Mengine yalikuwa mepesi: moja lilimhusu mpishi wa kikosi aitwaye Olanya, aliyekuwa na utani hata risasi zikilia, na aliyekimbia siku moja akiwa amebeba sufuria kichwani huku maharage yakimtiririkia shingoni.

Mswada ulipokamilika niliupeleka Kisenyi. Wiki iliyofuata niliukuta hauna swali hata moja pembeni. Katika lile shairi la beti saba, kila palipokuwa na jina Afande alikuwa ametia alama ndogo ya vema, saba kwa jumla. Nilidhani amezeeka au amependa. Sikumwuliza maana yake. Hilo ni kosa la kwanza.

La pili ni hili. Katika ubeti wa daraja, mistari mitatu ya mwanzo ilikuwa na kina cha nya mwishoni, safi kabisa, lakini wa nne ulisema: Darajani asubuhi, akaanguka Odongo. Mizani ilitimia, kina kikavunjika. Mwanafunzi wangu aliyejifunza kwa taabu zote zile, na kitabu chake cha kwanza, halafu nimwachie kilema kama hicho! Nilihangaika siku mbili kuuzungusha ule mstari na ukakataa. Mwishowe nikakumbuka yule mpishi. Odongo mizani mitatu, Olanya mizani mitatu, na nya yake mwishoni imekaa inangoja. Nikabadilisha. Nilifurahi kama mtu aliyekuwa akitafuta funguo na kuzikuta mfukoni mwake.

Mtaniuliza ilikuwaje. Niliamini kwamba majina ya kwenye shairi ni ya kubuni, kwa sababu katika mashairi yote niliyofundishwa mtu akitajwa jina ni ili kina kitimie. Katika miaka miwili ya barua nilimwuliza Ocen kuhusu mizani mara mia na sikumwuliza mara moja Odongo ni nani.

Nilimpelekea kurasa zote zilizo tayari kuchapwa pamoja na barua ya heshima, nikimweleza kwamba nimebadilisha jina moja kwa ajili ya kina. Halafu sikungoja jibu. Barua ya kambini ilichukua wiki tatu kwenda na kurudi, na mitambo ilikuwa na nafasi wiki ile. Nakala zote mia tano zikapigwa, zikashonwa, zikatiwa majalada ya kijani. Nilichukua moja nyumbani nikaiweka juu ya redio ili wageni waione.

Jibu lilifika siku ya tisa baada ya vitabu. Ninayo hapa, na nitainakili ilivyo, isipokuwa salamu.

"Dada Rispa, kurasa zilifika Jumamosi. Nilizisoma mbele ya kikosi jioni, na watu wa kambi wakaja kusikiliza kwa sababu hawajawahi kusikia habari zao kutoka kwenye karatasi iliyopigwa chapa. Nilipofika darajani nikasoma kilichoandikwa, kabla sijatambua. Watu wakacheka kwa sababu Olanya alikuwa amesimama palepale na mwiko mkononi. Yeye pia alicheka, kisha akaushusha mwiko. Asubuhi ile zamu ilikuwa yake. Alikuwa na malaria, Odongo akamshikia. Sasa anasema liache jina lake, ndiyo haki. Mimi naona si haki. Mama yake Odongo alikuwepo. Odongo hakuwa na namba, hakuwa na picha, na pale tulipomzika nyasi zimeshaota. Mama aliniuliza neno moja tu: kwa hiyo mwanangu hata kwenye karatasi hayuko? Naomba unipe la kumjibu. Leo hakuna tukio. Hakuna ubeti."

Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikaipeleka kwa Bwana Kizza na kumtafsiria. Niwe mkweli, hakunikaripia. Alivua miwani, akasema kwa upole, kwa kile Kiswahili chake cha kupokezana l na r, akiniita nnyabo, yaani bibie kwa Kiganda, "Lispa, nnyabo, hii ni shaili tu. Na mwenyewe huyo mpishi amekubali kufa. Nani ingine atajua?"

Kwa kweli nilitaka sana kukubaliana naye. Kuzitupa nakala mia tano hakukuwezekana, na kukiri kwamba nimeziharibu mimi kulinichoma. Nilitoka nikaenda Kisenyi, ingawa haikuwa Ijumaa.

Afande Swaleh alisikiliza barua nzima akiwa amefumba macho. Ndipo nikamwuliza zile alama saba zilikuwa na maana gani. Akasema kituoni, ukiingiza jina la mtu kwenye daftari la matukio, unatia alama kuonyesha limeshaingia, mtu yeyote asiliguse. Alikuwa ameyaingiza majina yote saba. Kisha akasema hivi, na sijawahi kuambiwa neno zito zaidi katika kazi hii:

"Binti yangu, mimi naandika jina ya watu miaka thelathini. Mtu anaweza kufa bila kiatu. Anaweza kufa bila nguo, bila ndugu. Bila jina, hapana. Hii kijana alikufa kwa kazi, na wewe umemutoa kwa kazi."

Nililia pale kibarazani mbele ya mafundi magari, na sioni haya kuliandika. Yeye aliniacha nimalize, kisha akanifundisha. Kwenye daftari la polisi hufuti. Kosa ukilifuta, wa baadaye atafikiri ulikuwa na njama. Unalifunika mahali pake, wazi, kila mtu aone kwamba hapa palikuwa na kosa na mtu amelisahihisha.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la kibandiko. Mstari mmoja, kwenye karatasi, ubandikwe juu ya mstari wangu katika kila nakala. Bwana Kizza alisema sawa, almradi nisimsimamishie mitambo mikubwa na kazi niifanye mwenyewe. Nikaenda Katwe, kwa bwana mmoja aliyekuwa akipiga kadi za harusi kwa mashine ya mkono, katikati ya watu wanaochomelea mageti. Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kadi tu, ngumu, nene, rangi ya maziwa. Nikamwambia ni nene mno kwa kitabu. Akanijibu kwamba wanaooana hawajawahi kulalamika. Jirani yake akanitengenezea kisu cha bati kilichokata kibandiko kwa upana wa mstari kamili, na hicho kisu ndicho kile mnachokiona kwenye droo ya chini na kukitumia kufungulia soda.

Ubandikaji ulichukua siku nne. Tulikaa stoo, mimi na Afande Swaleh, yeye akipaka gundi na mimi nikipanga mstari kwa rula. Ukurasa wa thelathini na moja, mara mia tano, kitabu kimoja kimoja. Afande alikataa tuongee wakati wa kubandika. Siku ya tatu alasiri mlango ukafunguliwa, Bwana Kizza akaingia, akavua koti la suti, nililodhani limeshonewa mwilini, akaketi juu ya bunda. Alibandika mpaka saa kumi na moja, akisimama mara moja tu kuinua kitabu kilichokamilika na kulalamika kwamba hakifungiki vizuri. Kweli hakikufungika. Kilikuwa na uvimbe katikati.

Kuhusu kina: mhakiki mmoja wa gazeti aliandika baadaye kwamba mshairi amevunja kina kwa makusudi palepale mtu anapoanguka, na kwamba hiyo ni kazi ya bingwa. Nilimpelekea Ocen kipande hicho cha gazeti. Alinijibu: "Bingwa anakushukuru."

Muda si mrefu hali kaskazini ilianza kutulia. Watu wakarudi kidogokidogo mashambani mwao, walinzi wakarudisha bunduki na kubaki na mabuti, na shule ya Mwalimu Ocen ikafunguliwa ikiwa na nusu ya paa. Alituandikia kwamba wanataka kitabu kisomwe pale, darasani, na kwamba ingefaa mhariri awepo. Nilijua maana ya ingefaa. Nilipakia mabunda mawili, nikaenda na Afande Swaleh, aliyevaa viatu vilivyong'aa kama yuko kwenye gwaride.

Ocen nilimtambua kabla hajasema jina lake, ingawa sikuwahi kuona picha yake. Alikuwa mfupi, mpole, amefuga ndevu zisizotaka kukua. Tulipeana mikono na hatukuachiana, watu wawili walioandikiana miaka yote ile, mpaka mwanamume mmoja mwenye mwiko mfukoni akajisogeza katikati yetu.

"Madam," akasema, "mimi ndiye yule marehemu wako."

Nikaanza kumwomba Olanya msamaha, akanikatiza. Alisema amekuja kuhakikisha kwa macho yake kwamba ametolewa darajani, maana tangu siku ile kila akipika watu wanamwuliza kama huko aliko kuna chumvi. Kisha utani ukamwisha. Akasema kwamba yeye alitaka jina libaki kwa sababu alikuwa na deni na Odongo, na kwamba mama wa Odongo ndiye aliyemwita nyumbani akamwambia aache upuuzi, aoe, ale. Alikuwa amekuja na mkewe.

Usomaji ulikwenda vizuri. Watu waliketi kwenye madawati, wengine madirishani. Ocen alisoma Kiswahili, akatafsiri, akasoma. Katika shairi la beti saba aliacha nafasi baada ya kila jina, na katika kila nafasi kulikuwa na watu wa ukoo fulani walioinuka kidogo na kuketi tena. Aliposema Odongo aliinuka mwanamke mmoja peke yake, mwembamba, mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Pale wanamwita Min Odongo, yaani mama Odongo, na mpaka leo sijui jina lake la ubatizo.

Nilimfuata baada ya shughuli. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia, Ocen akitafsiri, kwamba kosa lilikuwa langu na si la mwalimu. Nikamwambia kwamba sikuwa nimeuliza, na kwamba nasikitika. Kisha, kwa kuwa nilitaka kumpa kitu zaidi ya masikitiko, nikamwambia kwamba mkurugenzi ameahidi chapa ya pili, na safari hii jina la mwanawe litapigwa moja kwa moja kwenye ukurasa, laini, bila kiraka. Nilikuwa nimeipigania ahadi hiyo na nilijivunia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kitabu chake kilikuwa wazi mapajani, mtu alikuwa amemfungulia ukurasa. Akakifunga. Nikadhani ndiyo basi, ananirudishia. Lakini alikifungua tena kutoka mwanzo, akaanza kupekua karatasi mojamoja, na kwenye kila ukurasa akapitisha kidole polepole kutoka juu hadi chini, kama mtu anayechambua mchele. Watu waliokuwa wakitoka wakasimama. Ukurasa wa ishirini, wa ishirini na moja. Hakuna aliyemsaidia. Katika ukurasa wa thelathini na moja kidole kilishuka, kikakwama.

Akakiacha hapo. Akasema kitu kwa sauti ya chini, na Mwalimu Ocen, aliyekuwa akitafsiri siku nzima bila kusita, akamwomba arudie.

"Anasema yeye hajui kusoma," akaniambia. "Anauliza, ukimlainisha, atampata vipi?"

Chapa ya pili tulibandika. Ya tatu pia, na ya mwaka juzi, ile mliyoniona nikiifanya mwenyewe stoo mkadhani uzee umeniingia. Min Odongo yu hai, na kila chapa hupelekewa nakala, naye huihakiki kabla ya mtu yeyote. Fundi wa mitambo atawaambia kwamba siku hizi kompyuta inasahihisha mstari mmoja kwa dakika moja, na atakuwa anasema kweli. Mshukuruni, kisha mchukue gundi.